Tairi Jembamba la Njia ya Reli

Mwezi wa tatu, mvua chache za Doha zikishapita, ardhi iliyo kando ya reli huko Al Rayyan huwa laini kwa wiki mbili au tatu kabla jua halijaikausha tena. Mwaka huu niliamua nitapita njia ile kwa baiskeli, mimi niliyeapa kwamba singeikanyaga tena, nikaenda mtaa wa Najma kutafuta matairi. Muuzaji aliniwekea matatu juu ya kaunta, akaniuliza napita wapi. Niliinama kuyapapasa. Harufu ya mpira mpya na ule unga mweupe wanaoupaka ndani ilinipanda puani, na mkono wangu wa kushoto ukaniuma pale pale ulipovunjika nilipokuwa na miaka kumi. Nilimwambia anisubiri, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani nikihema mdomo wazi. Nilikasirika sana. Mtu mzima, nina kazi yangu nzuri ya kompyuta pale Al Sadd, halafu harufu ya tairi inanikalisha barabarani.

Baba yangu ndiye aliyenifundisha matairi. Ndiye pia aliyenifundisha kwamba kofi husikika kwanza, maumivu yanafuata. Alifariki mwaka jana huko kwao Kano, Ujaluoni, na tangu azikwe watu wananiambia nimkumbuke kwa mazuri. Nimejaribu. Mazuri yake na mabaya yake yalitoka kwenye mikono ile ile miwili, na sijui nitawezaje kuukumbuka mmoja nikauacha mwingine.

Sisi tuliokulia Doha tukiwa watoto wa manesi tunajua nyumba zetu zilivyokuwa. Mama ndiye aliyepata kazi. Alitangulia, akakaa mwaka mzima peke yake, kisha akatuita mimi na baba. Kibali cha kuishi huku tunakiita ikama, na ikama ya baba, kama yangu, ilimtaja mama kuwa ndiye mdhamini, na haikumruhusu kuajiriwa popote. Huko Kano alikuwa fundi wa baiskeli anayejulikana, watu wakitoka ng'ambo ya mto kumletea gurudumu lililopinda. Doha akawa mtu wa kukunja shuka na kusubiri basi langu la shule. Wakenya wenzake, madereva na maaskari waliomaliza zamu, walikuwa wakipita Ijumaa na kumtania mlangoni kwa jina la mama, maana mimi bintiye ndiye Achieng': "Sema, Mama Achieng'! Leo umetupikia nini?" Baba alicheka nao, akawaaga vizuri, akafunga mlango. Baada ya hapo mimi nilikuwa natafuta pa kukaa ambapo hataniona.

Mama ni Mtaita, baba alikuwa Mjaluo, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na hata kichapo kilikuja kwa Kiswahili. "Utarudia?" ndilo neno lake. Aliliuliza kila pigo, na hakungoja jibu. Alinipiga kwa kiganja, kwa kandambili, na kwa ukanda aliokuwa ameukata kutoka kwenye tyubu kuukuu. Ukanda ule ndio niliouogopa zaidi, kwa kuwa ulivutika ukarudi na kujikunja mguuni. Alinipiga kwa kumwaga maziwa, kwa kuchelewa kuitika, na siku nyingine kwa kuitika haraka mno, akasema namdharau. Mama naye alipigwa. Tuliishi kwenye kipande cha nyumba kubwa ya Mqatari iliyokatwakatwa kwa kuta za jipsamu, na ukuta wa jipsamu haufichi kitu.

Halafu kulikuwa na baba wa baiskeli. Chini ya kibanda cha magari alitandaza gunia, akapanga spana zake kwa ukubwa, akawatengenezea baiskeli watoto wa kompaundi nzima bila kuwadai chochote. Mimi alinifunga kitambaa machoni, akaniwekea tairi mapajani. "Usiangalie," alisema. "Macho yanadanganywa na rangi." Nilipapasa upana, nikapapasa meno ya mpira, nikabonyeza ukingo wenye waya.

"Hii ya wapi?"

"Pana, meno makubwa. Ya mchanga."

"Na hii?"

"Jembamba, kipara. Ya lami."

"Na ukiwa kwetu Kano mwezi wa nne, mvua imenyesha?"

Hapo jibu lilikuwa moja tu: jembamba, lijazwe upepo mpaka liwe gumu. Udongo mweusi wa Kano ukilowa hushika. Tairi pana linaubeba, unajaa kwenye uma na chini ya madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka na mwenye baiskeli anaibeba begani mpaka nyumbani. Tairi jembamba linaukata, linashuka mpaka kwenye ardhi ngumu iliyo chini yake, linaendelea na safari. "Chini kuna pagumu kila mahali," baba alikuwa akisema, akinifungua kitambaa. "Kazi ya tairi ni kupafikia tu." Nilimpenda sana akizungumza hivyo. Nalisema wazi ili mtu asidhani nilimchukia siku zote.

Mwanzoni mwa mwaka niliotimiza miaka kumi, mwalimu wetu wa michezo aliona alama za tyubu miguuni mwangu, akampigia mama simu. Mama alirudi bado amevaa sare ya hospitali. Aliichukua ikama ya baba kutoka kwenye droo, akaiweka katikati ya meza ya jikoni. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya friji.

"Baba Achieng', nisikilize. Sitapiga kelele majirani wasikie. Mimi unanipiga, hayo nitajua mwenyewe. Ukimgusa mtoto tena, kesho yake naenda kufuta hii. Unarudi Kano."

"Sasa unanitisha na kadi?"

"Sikutishi. Nakuambia."

Baba aliichukua ile kadi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha mezani polepole. Mimi kule nyuma ya friji nilielewa jambo moja: kwamba tangu siku ile kukaa kwa baba kunategemea neno langu. Nikisema amenigusa, anaondoka. Liliniogopesha hilo na likanipa kiburi pia, maana hakuna mtoto wa darasa langu aliyekuwa na uwezo kama huo juu ya baba yake. Kwa wiki sita hakunigusa. Aliupiga ukuta, akautoboa. Aliupiga mlango wa choo. Siku moja alivunja sahani mbili kwa mpigo mmoja kwa sababu wali ulizidi chumvi. Mama akaanza kuvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba.

Kisha mvua ikanyesha, siku mbili mfululizo. Nyuma ya mtaa wetu walikuwa wanajenga reli, na wajenzi walikuwa wametengeneza njia ya udongo kandokando ya uzio wao. Ijumaa kazi iliposimama, watoto tuliichukua kuwa yetu. Matairi ya baiskeli yangu yalikuwa yamebaki nyuzi, na baba alikuwa ameniahidi mapya nikipasi hesabu. Nilipasi. Tukaenda Najma, mimi na yeye, amenishika mkono.

Mwenye duka alikuwa mzee wa kutoka Kerala, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alituuliza njia. Baba akamwambia ni ile ya reli, Al Rayyan. Mzee hakufikiri mara mbili, akashusha tairi pana kutoka kwenye ndoano.

"Sasa hivi laini kule," alisema, kwa ule mchanganyiko wa lugha ambao kila mtu Doha anauelewa. "Hii. Pana. Upepo tia kidogo tu."

Baba alitabasamu. Alinyoosha mkono akachukua jembamba. "Sadiki, rafiki yangu, mimi ni fundi. Miaka ishirini. Tope linataka jembamba."

"Tope la kwenu. Hapa si tope, hapa chumvi na maji. Juu kavu, chini hakuna kitu. Itazama."

"Chini kuna pagumu kila mahali."

"Hapa hakuna."

Mpaka hapo yalikuwa mabishano ya mafundi, na nilikuwa nayafurahia. Baba alitoa kadi ya benki alipe hayo membamba. Mzee aliisoma kadi, akasoma jina la mama, akamtazama baba kutoka juu ya miwani. "Kadi ya madamu," alisema, bila ubaya wowote nadhani. "Basi mpigie madamu simu, umuulize anataka ipi."

Baba alimvuta shati juu ya kaunta. Alimbamiza kichwa kwenye rafu ya nyuma, rimu zikaporomoka zote kwa kishindo, akamvuta tena akampiga ngumi ya mdomo. "Mimi ndiye madamu? Eh? Mimi ndiye madamu?" Miwani ilianguka karibu na kiatu changu. Mzee alitema damu na kipande cha jino juu ya kioo cha kaunta, akawa anasema halas, halas, imetosha. Wanaume wawili kutoka duka la pili ndio waliomshika baba. Mzee hakuita polisi. Pengine na yeye kibali chake kilikuwa na mambo yake. Tuliondoka na matairi membamba. Nitaeleza nilichohisi, kwa kuwa umri wa kuficha umenipita: nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuiona ngumi ile ikienda kwa mtu wa nje. Nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa na furaha kwamba leo si mimi, na kwamba baba yangu ana nguvu kuliko watu.

Ijumaa asubuhi, mama akiwa kazini, baba aliyafunga matairi yale. Aliyajaza upepo kwa pampu yake ndefu ya chuma, ile ya kusimama, aliyoibeba kutoka Kano ndani ya begi la nguo. Alipomaliza aligonga kila tairi kwa kidole. "Jiwe," alisema. Tukatoka mpaka mwanzo wa njia. Hapakuwa na mtu. Kwa wiki zile chache za mwaka, hata jangwa lile huota majani mafupi, na upande mmoja wa uzio ulikuwa wa kijani.

"Unaona yale mabomba ya zege kule mbele? Nenda mpaka hapo, geuka, rudi. Usisimame katikati. Nataka nimwonyeshe yule mzee."

Mzee hakuwepo, lakini sikuuliza. Niliondoka. Mwanzo wa njia ulikuwa kokoto iliyoshindiliwa, na matairi magumu yaliiruka kwa kasi ambayo sijawahi kuipata tena. Nilicheka peke yangu. Kisha njia ikashuka mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yamesimama. Juu palikuwa pamekauka, peupe kwa chumvi, kama ngozi ya juu ya uji uliopoa. Tairi la mbele likaitoboa ngozi ile. Nililiona linashuka. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, nikingoja lifike penye pagumu, maana chini kuna pagumu kila mahali. Likaendelea kushuka. Rimu ikamezwa mpaka kwenye spoku, baiskeli ikasimama wima bila mtu kuishika, na mimi nimeikalia.

Niligeuka nyuma. Baba alikuwa anakuja mbio, pampu ameiinua juu, mdomo wazi. Upepo ulikuwa unatoka upande wangu, kwa hiyo nilisikia jina langu tu, maneno mengine yakapotea. Uso ule niliujua. Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: mzee wa Najma alikuwa na haki, mimi ndiye niliyemwonyesha baba kwamba mzee alikuwa na haki, na sasa anakuja kunilipizia. Wiki sita zimekwisha. Nikaruka chini, nikaanza kuivuta baiskeli kuelekea kwenye mabomba, nimkimbie. Kiatu kimoja kilibaki chini ya chumvi. Nikaiacha baiskeli, nikaenda kwa mikono na magoti. Alipoita kwa sauti kubwa zaidi, nikaongeza mwendo.

Mbwa waliishi ndani ya mabomba yale. Nilikuwa sijui kuna watoto wa mbwa ndani. Baba alikuwa amewaona mbwa wakubwa wanatoka, watatu, nami nimewapa mgongo. Nilichokisikia kwanza ni mngurumo sikioni kabisa, halafu jike la manjano likanishika mkono wa sweta, likanitikisa, likaniangusha kifudifudi. Chumvi iliniingia mdomoni na machoni. Nilijaribu kupiga kelele nikameza tope. Lilinivuta, nikazunguka chini kama nguo inayofuliwa, na hapo ndipo baba alipofika.

Pigo la kwanza lilimpata mbwa mgongoni. La pili lilikuwa la kichwa, lakini mbwa alinivuta kwa ghafla na mkono wangu ukapita mahali kichwa kilipokuwa. Nilisikia mfupa. Ulilia kama kijiti kikavu, na nikawaza kwanza ni pampu iliyovunjika. Mbwa mwingine alimshika baba kigimbi cha mguu kutoka nyuma, akaning'inia. Baba hakumwangalia hata mara moja. Alilipiga lile jike taya, akalipiga shingo, likaniachia, likataka kusimama, akalipiga katikati ya macho, likalala. Wale wawili walikimbia. Palikuwa kimya, isipokuwa vile vitoto vya mbwa vilivyokuwa vinalia kwenye bomba.

Jike lilikuwa limekufa. Nililiona, nilikuwa nimelala umbali wa mkono mmoja tu. Jicho lilikuwa limetoka na ulimi uko kwenye chumvi. Baba aliinua pampu tena akapiga. Akapiga tena. "Utarudia?" aliuliza. Damu ilinirukia usoni, moto. "Utarudia? Utarudia?" Alipiga mpaka fuvu likawa laini na pampu ikaanza kuzama, na uso wake ulikuwa ule ule wa jikoni, ule ule wa chumbani, meno ya chini yametokeza. Nilisahau mkono. Nilimtazama mbwa yule nikaona kwamba anapigwa kichapo changu, na kwamba tofauti yetu ni kwamba mimi aliniacha nikiwa hai.

Kisha aliitupa pampu mbali, akapiga magoti. Akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima. "Pole mama. Pole, Achi. Pole." Aliniinua akanibeba, akakimbia nami njia nzima mpaka barabarani, na kila alipokanyaga kiatu chake kilitoa sauti ya majimaji ya damu. Nilitegemea aniambie nifunge mdomo. Badala yake alisema, akihema: "Mama atauliza. Mwambie tu vile ilikuwa. Vile tu ilikuwa, unasikia? Usiongeze, usipunguze." Hakuwa na hofu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa ile ukweli kuwa upande wake.

Alinipeleka hospitali ile ile aliyofanya kazi mama. Mama alishuka kutoka wodini kwake akikimbia na kandambili za kazini. Waliponifunga mkono plasta, alivuta pazia la kitanda, akainama mpaka pua zetu zikakaribiana.

"Nani amekuvunja mkono?"

"Baba. Na pampu."

"Anasema kulikuwa na mbwa."

Chini ya pazia niliviona viatu vya baba, kimoja cheusi kwa damu iliyoanza kukauka. Alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza. Mama hakugeuka kuvitazama.

"Achieng', kulikuwa na mbwa?"

"Sikuona mbwa," nikasema.

Upande wa pili wa pazia baba alisema jina langu mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake mezani. Niligeukia ukutani. Viatu vilikaa kidogo, kisha vikaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Si kwamba nilichanganyikiwa, wala si dawa za maumivu. Nilikumbuka kila kitu. Nilijua ameniokoa. Lakini nilikuwa nimeona uso wake akimpiga kitu kilichokwisha kufa, na nikaona kwamba nikimtaja mbwa, uso ule utarudi nyumbani pamoja nasi, utakaa mezani, na siku moja hakutakuwa na mtu wa kumwambia imetosha. Nilikuwa na neno moja linaloweza kumwondoa. Nikalitumia siku ambayo hakustahili.

Mama alifanya kama alivyosema. Haikupita muda mrefu baba akaondoka, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nyumbani kwa sababu ya mkono. Hakumpiga mtu siku zile za mwisho, wala hakupaza sauti. Alipanga spana zake kwenye begi, akanipa mkono kama tunavyopeana watu wazima, akasema nisome. Nikamwambia ndiyo, baba. Baada ya hapo nyumba ikawa kimya, nikaanza kulala usiku mzima, nikanenepa, na mama akarudi kwenye mikono mifupi. Tulikuwa na raha. Najua watu wangependa kusikia kwamba nililia kila siku, lakini tulikuwa na raha sana, na raha hiyo ndiyo niliyoishi nayo kwa aibu. Yeye aliendelea kutengeneza baiskeli Kano, akichechemea. Alinipigia simu kila Jumapili, akauliza masomo, akauliza afya. Ya mbwa hakuyataja hata mara moja mpaka anakufa.

Mwaka jana, tulipotoka mazishini na kurudi Doha, nilikaa siku nne nikishindwa kula. Siku ya tano, mchana, mama alikuwa jikoni anakata sukuma wiki. Nilisimama mlangoni.

"Mama, kulikuwa na mbwa."

Hakuacha kukata. "Najua."

"Unajua aje?"

"Mimi ni nesi, Achieng'. Ule mguu niliufunga mimi mwenyewe, jioni ile ile, kwenye beseni la bafuni. Alama za meno nazijua." Akakusanya majani, akayageuza upande mwingine. "Na aliniambia yote. Mabomba, wale watatu, vile ulikuwa unamkimbia. Nilimwamini."

"Ulimwamini?"

"Baba yako alikuwa na mambo mengi, lakini hakuwa mwongo."

"Sasa kwa nini ulimfukuza?"

Aliweka kisu chini ndipo akanitazama. "Kwa sababu nilikuwa nangoja. Wiki sita nalala nikingoja akuguse, nikijua atakugusa. Halafu akakugusa siku ambayo hana kosa, na wewe ukasema vile ulisema. Nikaona mlango uko wazi. Ulitaka niufunge, ningoje mwingine? Ningoje akuue kwanza?"

"Ukaniacha nikibeba hii kitu miaka yote. Nikidhani ni mimi."

"Ni wewe," alisema. "Na ni mimi. Tulimtoa sisi wawili. Mimi sijutii, na wewe usijutie. Hebu nipe kitunguu hapo."

Alisema kitunguu. Mtu amezikwa juzi, mimi nimeoza ndani tangu nikiwa na miaka kumi, na yeye anaomba kitunguu. Kitu cha moto kilinipanda begani, nilikijua kilipotoka, na nikaona mkono wangu uko juu. Kiganja wazi. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili.

Mama alijikunja. Viwiko vilifunika uso, kichwa kikaingia kati ya mabega, akageuza ubavu kwenye kabati ili pigo liangukie mgongoni, magoti yakalegea tayari kwenda chini. Mwanamke anayekaribia kustaafu, alifanya hayo yote kwa mara moja, bila kufikiri, kama vile ilikuwa jana. Majani ya sukuma wiki yalimwagika sakafuni. Sikuwa nimemgusa hata nguo.

Nikaushusha mkono. Nikaurudisha nyuma ya mgongo wangu, nikaushika kwa ule mwingine.

"Mama," nikasema. "Mama, ni mimi."

Viwiko vyake havikushuka.